Geji Nzuri Hufungwa kwa Sensa, Si kwa Taa

Panda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu mchana wa Januari, watalii sita ndani, mizigo juu, friji ya vinywaji nyuma, kisha itazame geji ya joto iliyokuja na gari. Mshale umetulia katikati. Ulikuwa hapohapo ulipopita Makuyuni kwenye tambarare, na utabaki hapo karibu hadi dakika ambayo mvuke utaanza kutoka chini ya boneti. Geji hiyo ni nzima, imetengenezwa makusudi iwe hivyo. Watengenezaji wa magari waligundua kwamba mshale unaochezacheza huwatia wateja wasiwasi, wakaamua kuutuliza. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, maji yakiwa na nyuzi 75 au yakifika 100, dereva anaonyeshwa picha ileile. Kwa hiyo kinachoitwa geji ni taa ya onyo iliyopewa mshale.

Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kufunga geji za nyongeza. Wengi, hata hivyo, huvutwa dukani na jambo jingine: zinawaka. Duara la milimita 52, uso mweusi, mwanga wa bluu, na Noah ya mwaka 2004 inaonekana kama chumba cha rubani. Sina ugomvi na urembo. Lakini geji ni sensa kwanza, waya pili, taa mwisho, na kazi nyingi ninazoletewa kurekebisha zilianzia kwenye taa.

Tuanze na joto, maana ndilo linalovunja mifuko huku kwetu. Arusha mjini ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika karibu mita 2,300. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka mapema: nyuzi 95 hivi mjini, 92 pale ukingoni. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ulioandikwa 0.9 huongeza shinikizo ndani ya mfumo, kiasi kwamba maji matupu ya Arusha hayachemki hadi yafike nyuzi 116 hivi. Mpira wa mfuniko ukichoka, kinga hiyo yote inapotea, na gari linachemsha kwenye mlima lilioupanda wiki iliyopita bila shida. Geji yenye namba halisi ingekuonyesha mshale ukitoka 88 kwenda 97 kwenda 104, nawe ungekuwa na muda wa kuzima kiyoyozi, kushusha gia au kusimama kabla gasketi ya silinda hedi haijaungua.

Kutokana na hesabu hiyohiyo, usirudishe geji dukani kwa kosa lisilo lake. Watu huipima sensa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, wakiisha kufunga ethi kwenye mwili wake. Wakiona 95 wanasema geji ni feki. Kwa Arusha, 95 ndiyo majibu sahihi. Ikisoma 100, basi hapo ndipo pa kuitilia shaka.

Sensa ikae wapi? Njia rahisi ni kukata mpira wa juu wa rejeta na kuingiza kipande cha aluminiamu chenye tundu la sensa. Ni njia nzuri, ila ina mitego miwili. Kwanza, sensa ya waya mmoja hutegemea mwili wa injini kuwa ethi yake, na hapo kipande chako kimezungukwa na mpira pande zote mbili. Bila waya wa ethi uliofungwa kwenye kipande chenyewe, mshale hautanyanyuka, na fundi ataanza kuilaumu geji. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Sensa hupima kilichoigusa. Mpira ukipasuka na maji yakamwagika, sensa inabaki hewani na mshale unaanza kushuka huku silinda hedi ikiokwa. Dereva anaona joto linapungua, anafurahi, anaendelea. Ndiyo maana kwa magari ya safari napendekeza pia sensa ndogo ya kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha silinda hedi, ambayo haijali kama maji yapo au hayapo.

Kuna jambo la meno ambalo limeua sensa nyingi kuliko vumbi la Ngarenanyuki. Vifurushi vingi vya geji huja na sensa ya kipimo cha Kimarekani cha inchi 1/8, chenye meno 27 kwa kila inchi. Tundu la sensa ya oili kwenye injini nyingi za Toyota pia ni inchi 1/8, lakini ni la kipimo cha Kiingereza walichokichukua Wajapani, lenye meno 28, na pembe ya meno hayo ni tofauti. Ukianza kufunga kwa mkono, sensa inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri tu, kisha inakaza. Hapo fundi asiyejua anachukua spana. Matokeo ni oili inayovuja polepole, au chuma laini kupasuka. Dawa yake ni adapta, nayo ni rahisi kuliko chakula cha mchana. Usikubali tepu ya mabomba iwe mbadala wake, kwani hiyo tepu inaweza pia kuikatia sensa ethi.

Oili yenyewe haihitaji maneno mengi. Taa nyekundu ya kiwandani huwaka shinikizo likishaanguka hadi bar 0.3 hivi, yaani mazishi yakiwa yamekaribia. Geji hukuonyesha mwelekeo: injini iliyozoea kusoma bar 3 au 4 barabarani ikianza kusoma 2 kwa oili ileile, kuna neno. Chagua ya umeme, uache zile za kizamani zinazoleta oili ya moto kwa kibomba chembamba hadi ndani, juu ya magoti yako. Wala usiitundike sensa nzito kwenye kiungo cha shaba cha njia tatu kilichochomoza nje ya injini. Mtikisiko wa barabara ya changarawe utakikata shingo. Tumia kibomba kinachopindika, sensa uifunge kwenye bodi.

Geji ya volti ndiyo ninayoipa nafasi ya pili kwa magari ya utalii, yenye friji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchaji kamera. Injini ikiwaka, soma kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo siku nzima, betri inakula akiba yake. Ila uliza kwanza kabla ya kununua, maana si kila Land Cruiser ni ya volti 12.

Na kama umeiongezea turbo injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyotoka Japani bila turbo, geji ya joto la moshi si anasa. Sensa yake hufungwa kabla ya turbo, na mafundi wengi wa dizeli hawapendi kuona nyuzi 700 zikidumu pale.

Waya sasa. Chukua umeme sehemu inayowaka kwa ufunguo, weka fyuzi yake mwanzoni kabisa mwa waya, ya ampia 3 au kama karatasi ya geji inavyosema. Kumenya waya wa gari katikati, kuusokota na kuuviringishia tepu nyeusi ni kupanda mbegu ya moto nyuma ya dashibodi. Ethi iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kipimo chake ni chepesi: injini ikinguruma, washa taa kubwa ukiwa unautazama mshale. Ukiruka, ethi ni mbaya, na namba unazosoma ni za uongo kila usiku.

Tumefika kwenye taa. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa muda mfupi unaivuruga kazi yote hiyo. Chembe za jicho zinazoona gizani huguswa sana na bluu, na haziguswi sana na nyekundu. Kwa hiyo bluu inayopendwa zaidi dukani ndiyo inayomgharimu dereva zaidi. Ukitoka Kisongo usiku kuelekea Makuyuni, ambako punda, ng'ombe na bodaboda zisizo na taa ya nyuma wanatumia lami moja nawe, chagua nyekundu au rangi ya chungwa, tena hafifu. Geji ukizifunga kwenye nguzo ya mbele, kaa ndani usiku kabla hazijakazwa moja kwa moja, uone kama zinajirudia kwenye kioo cha mlango, palepale unapotazamia saitimira.

Kupunguza mwanga nako kuna siri yake. Katika Toyota nyingi, kitufe cha kufifisha dashibodi kimewekwa upande wa ethi. Ukiipeleka ethi ya taa ya geji kwenye bodi, itawaka kwa nguvu zote hata ukizungusha kitufe hadi mwisho. Nyingine hufifia zenyewe zikipata umeme wa taa za pakingi kwenye waya wake maalumu. Fundi akiuunganisha waya huo na wa ufunguo ili kumaliza haraka, utakuwa na geji hafifu saa saba mchana.

Zimebaki nyuso zinazowaka zima, zile karatasi nyembamba zinazobandikwa juu ya geji za kiwandani. Hung'aa kwa fosfori inayochochewa na umeme wa mkondo geu, kwa hiyo huja na kijisanduku cha kugeuza umeme ambacho huimba, na wakati mwingine kuingiza mluzi kwenye redio. Kadiri zinavyowashwa ndivyo zinavyochakaa na kufifia. Lakini tatizo langu nazo ni mshale. Nyingi haziingii mpaka uchomoe mishale, na mshale wa spidi ukiurudisha umepinda kidogo tu, kila namba inasogea. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinakubali spidomita ionyeshe zaidi ya mwendo halisi, kamwe si pungufu. Yako ikionyesha 46 wakati unakimbia 54, trafiki wa Usa River mwenye tochi atakuandikia kosa kwa haki kabisa.

Ukishazifunga, tafuta kipande kilichonyooka, washa simu isome mwendo kwa satelaiti, na abiria alinganishe katika 50 na katika 80. Spidomita ikisoma chini ya simu, toa uso, rudisha mshale upya. Kama ulishabadilisha matairi kuwa makubwa, fanya kipimo hicho kabla ya kugusa chochote, ili ujue kosa lipi lilikuwepo na lipi umelileta.