UTUNZAJI WA MALORI MAKUUKUU YA DIZELI: FUNZO LA MELI YA LIEMBA

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye malori ya zamani wanakumbushwa kwamba umri wa mashine hutegemea mafuta yanayostahiki, yatiwayo kwa wakati. Ushahidi upo Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, kwa mitambo ile ile ya mvuke, iliyodumu hadi miaka ya 1970 ilipotiwa injini za dizeli.

Kwa hiyo yazingatiwe haya:

(a) Itumike oili ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari, na ibadilishwe pamoja na chujio lake.

(b) Dizeli isichanganywe na mafuta ya taa, kwani pampu hulainishwa na dizeli yenyewe.

(c) Rejeta isijazwe maji ya ziwa wala ya kisima yenye chumvi. Ukoko wake huziba njia, injini ikachemka.

(d) Dawa za kuongeza katika oili haziponyi injini iliyokwisha kulika.

Grisi ya Liemba ilitangulia kutu. Ingechelewa, isingefaa kitu.