"Ripoti ya Bure" Yenye Bei Iliyofichwa: Mtego wa Taarifa za Mikopo katika Intaneti

Muislamu aliyehamia Marekani, akajiepusha na riba kwa kadiri ya uwezo wake, akanunua gari kwa fedha taslimu na kukataa kila kadi ya mkopo, huenda akadhani kwamba habari za makampuni ya mikopo hazimhusu. Siku anapotafuta nyumba ya kupanga ndipo anapotambua kuwa dhana hiyo si sahihi. Mwenye nyumba hutaka kuona ripoti yake ya mikopo. Baadhi ya waajiri nao huomba ruhusa ya kuitazama, na katika majimbo mengi makampuni ya bima ya gari huitumia katika kupanga malipo. Hivyo mtu huyu huketi mbele ya kompyuta kuitafuta ripoti hiyo, na mara hukutana na tangazo linalomwambia kuwa ataipata bure. Huandika jina lake, nambari zake za siri na nambari ya kadi yake ya benki. Mwezi unaofuata huona fedha zimekatwa, na hajui ni nani aliyezikata wala kwa bidhaa gani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo matatu: ripoti hii ni kitu gani na kwa nini ni haki ya mtu kuiona, vipi neno "bure" limetumika kumuuzia mtu kitu asichokusudia kununua, na mizani ya fikihi inasema nini juu ya biashara ya namna hii.

Ripoti ya mikopo ni nini?

Nchini Marekani yako makampuni matatu makubwa yanayokusanya kumbukumbu za madeni na malipo ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Hayo si idara za serikali. Ni makampuni ya biashara, na mzizi wa Equifax ni kampuni iliyoanzishwa mjini Atlanta mwaka 1899. Kila moja huandika kuhusu mtu: anuani zake, madeni yake, kama alilipa kwa wakati, na nani aliyeomba kuitazama kumbukumbu yake. Tendo hili kwa hakika ni aina ya ushahidi unaotolewa juu ya mtu bila yeye kuwapo.

Na ushahidi huo hukosea. Utafiti wa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi FTC, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti moja kati ya tatu. Kwa Waislamu lipo tukio la kuzingatiwa zaidi. Mwaka 2011 mtu mmoja wa California alikwenda kununua gari akaambiwa kuwa jina lake linafanana na majina ya orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. TransUnion ilikuwa ikilinganisha jina la kwanza na la mwisho tu. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2021, na ikadhihirika kuwa watu 8,185 waliwekewa alama hiyo katika kumbukumbu zao. Basi mtu anayeitwa Muhammad Ali au Ahmed Hassan, majina wanayoyashiriki maelfu ya watu, ana sababu ya wazi ya kutaka kuona kilichoandikwa juu yake.

Haki iliyopo kisheria

Mwaka 2003 lilipitishwa sheria katika Bunge la Marekani inayompa kila mtu haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kila moja ya makampuni hayo matatu. Utekelezaji wake ulianza Desemba 2004 katika majimbo ya magharibi na ukaenea nchi nzima kufikia Septemba 2005. Tangu mwaka 2023 makampuni hayo yameruhusu kwa kudumu ripoti hiyo ipatikane bure kila wiki. Tovuti iliyowekwa kwa mujibu wa sheria ni moja tu: AnnualCreditReport.com. Tovuti hiyo haimtaki mtu nambari ya kadi ya benki ili kumpa ripoti hizo.

Msomaji azingatie nukta hii, kwani ndiyo ufunguo wa maudhui yote: kitu ambacho sheria imekwisha kukitoa bure hakihitaji kadi ya malipo. Anayedai kadi ana kitu kingine anachokiuza.

Mtego ulivyofanya kazi

Wakati haki hiyo ilipokuwa ikienea, tovuti yenye jina lililofanana sana na haki yenyewe, FreeCreditReport.com, iliyokuwa ya kampuni tanzu ya Experian, ilikuwa ikitangazwa kwa nguvu. Mtu aliyeingia humo alipewa ripoti na siku 30 za huduma ya kufuatilia kumbukumbu zake. Asipojitoa kabla ya siku hizo kwisha, kadi yake ilikatwa dola 79.95. FTC ilidai kuwa sharti hilo halikubainishwa ipasavyo, na kwamba tovuti hiyo haikueleza kuwa haina uhusiano na ripoti ya bure ya kisheria. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola 950,000 na kuwarejeshea fedha baadhi ya wateja. Mwaka 2007 ililipa tena dola 300,000 kwa madai kuwa imevunja makubaliano ya kwanza.

Hatimaye likatolewa agizo, lililoanza kutumika Aprili 2010, kwamba kila anayetangaza ripoti ya bure katika intaneti aweke juu ya ukurasa wake maelezo ya wazi yanayoonyesha ripoti ya kisheria inapatikana wapi. Tovuti ile ikaanza kutoza dola 1, ikieleza kuwa dola hiyo inatolewa kwa shughuli za hisani. Kwa kuwa ripoti haikuwa tena "bure", agizo halikuigusa. Wanafunzi wa fikihi watalitambua jambo hili upesi. Ni hila: kubadili sura ya tendo ili hukumu isilipate, na hali makusudio yamebaki yale yale.

Mambo hayakuishia hapo. Januari 2017 Ofisi ya Marekani ya Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha iliziamuru TransUnion na Equifax kuwarejeshea wateja zaidi ya dola milioni 17.6 na kulipa faini ya dola milioni 5.5. Miongoni mwa yaliyotajwa ni kuwavuta watu kwa huduma ya bure au ya dola 1, kisha kuwatoza kila mwezi, aghalabu dola 16 au zaidi. Mwezi huo huo FTC iliishitaki kampuni nyingine ambayo wateja wake walivutwa kwa matangazo ya nyumba za kupanga ambazo hazikuwapo. Aliyeitaka nyumba aliambiwa apate kwanza ripoti yake "bure", naye akaingizwa bila kujua katika malipo ya dola 29.94 kila mwezi. Aliyeumizwa hapa ni mpangaji, yaani mtu mwenye haja na haraka, na mara nyingi mgeni wa nchi.

Mizani ya fikihi

Huenda mtu akasema: "Masharti yaliandikwa, naye akakubali, na siku za kujitoa alipewa, akanyamaza. Je, fikihi yenyewe haina khiyari?" Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ina sura ya ukweli.

Ni kweli kwamba mafakihi wameweka mlango wa khiyari ya sharti, ambapo mnunuzi hupewa muda wa kuvunja mauziano. Abu Hanifa na Shafi wameukomesha muda huo katika siku tatu. Malik ameutazama kulingana na haja ya bidhaa. Ahmad ameruhusu muda wowote uliojulikana na kukubaliwa. Na kwa kauli ya wengi wao, muda ukipita bila ya kuvunjwa, mauziano hufunga. Kwa hiyo kupita kwa siku 30 peke yake si dhuluma.

Lakini khiyari hufuata mauziano, haiyazai. Mwenye khiyari anajua tangu mwanzo kuwa ananunua, anakijua kitu, na anaijua bei. Katika mtego tunaouzungumzia, mtu alikusudia kupokea kitu cha bure. Mauziano aliyofungiwa ni ya kitu kingine, yaani huduma ya ufuatiliaji, kwa bei iliyofichwa katika maandishi madogo. Huduma hiyo ni mfano wa ijara, na katika ijara malipo na manufaa havina budi kujulikana kwa pande zote mbili. Asiyejua kuwa amenunua hana ridhaa ya kununua, na aya ya 29 ya Suratun-Nisaa imeifanya ridhaa ya pande mbili kuwa msingi wa biashara iliyo halali.

Ama kuhusu kunyamaza, kanuni mashuhuri ya kifikihi, iliyoingizwa pia katika kifungu cha 67 cha Majalla ya dola ya Uthmaniya, inaeleza kuwa aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema, ila pale panapomlazimu kusema. Basi vipi tutasema imemlazimu kusema mtu asiyejua kuwa ameulizwa?

Wanazuoni wamepokea kutoka kwa Abu Huraira, katika Sahih Muslim, kisa cha Mtume (s.a.w.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Tunaona kuwa muuzaji yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Alichotakiwa ni kuweka juu kile alichokiweka chini. Na hili ndilo hasa lililotakiwa na agizo la 2010: ukweli uwekwe juu ya ukurasa.

Hatari ya pili: amana ya taarifa

Fedha zilizokatwa huweza kurejeshwa. Nambari ya Hifadhi ya Jamii ikishatoka mikononi, hairudi. Anayejaza fomu katika tovuti ya uongo amempa mgeni jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani na nambari hiyo, yaani kila kinachohitajika ili mtu mwingine akope kwa jina lake. Mwaka 2017 hata Equifax yenyewe ilidukuliwa, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Ikiwa mwenye ghala kubwa ameibiwa, nini hali ya tovuti isiyojulikana mwenyewe?

Yapasayo kufanywa

Kwanza, mtu aandike mwenyewe anuani ya AnnualCreditReport.com herufi kwa herufi, wala asifuate kiungo cha tangazo au barua pepe, kwani yako majina ya kuiga yanayotofautiana na hilo kwa herufi moja tu. Pili, akitakiwa kadi ya benki kwa ajili ya kitu cha "bure", aondoke. Tatu, kama amekwisha kuingia, ajitoe kwa maandishi na kuhifadhi nakala, kisha aiarifu benki yake ipinge malipo hayo. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka muuzaji wa mtandaoni abainishe masharti, apate ridhaa ya wazi kabla ya kutoza, na aweke njia nyepesi ya kujitoa. Nne, akiona kosa katika ripoti alipinge kwa kampuni husika, nayo kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Tano, anayehofia kuibiwa jina afunge kumbukumbu zake katika makampuni yote matatu. Tangu Septemba 2018 kufunga huko hakuna malipo. Na kuitazama ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama zako.

Maimamu wana nafasi yao. Mgeni aliyefika karibuni humwendea imamu kabla ya kumwendea mwanasheria. Inafaa msikiti uwe na kompyuta na mtu mwaminifu wa kumwongoza, lakini nambari zake aziandike yeye kwa mkono wake, na zisibaki katika daftari la mtu yeyote.

Wahenga wetu walisema rahisi ni ghali. Sisi tunaongeza kuwa kinachotolewa bure kwa haki hakina haja ya kujificha. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.