Mzee na Shimesikio Lake

Huenda nyumbani kwako yupo mzee aliyekitumikia kiwanda cha nguo miaka mingi, kando ya mitambo ya kufumia. Leo akiombwa taa huleta saa, na watoto hucheka. Wakanye. Makelele yale huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, zikiwemo za s, t na f. Ndiyo maana husikia kwamba unasema, asijue unasema nini.

Shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, laweza kumsaidia. Mtaalamu wa usikivu hupima kila sikio peke yake, kisha hukirekebisha kifaa kulingana na upungufu aliouona. Lakini siku za mwanzo mzee atalalamika: sufuria zinagongana kama radi, sauti yake mwenyewe yatoka kama ndani ya pipa. Hapo ndipo wengi hukifungia kabatini, na fedha nyingi zikapotea bure! Ubongo uliozoea ukimya huhitaji majuma kadhaa. Aanze kwa saa chache nyumbani, penye utulivu, sokoni baadaye.

Nanyi andikeni daftarini: je, kinapiga mbinja akitafuna? Sauti za watoto zinamchoma? Kumwambia mtaalamu “hakifai” tu hakumsaidii. Mbinja mara nyingi hutokana na kifaa kutokaa sawasawa sikioni, au nta iliyojaa.

Siku ya kurudi kliniki fuataneni naye. Kifaa kikisharekebishwa, semeni naye hapo hapo kwa sauti ya kawaida: taa, saa, taa.