UNAPOTUMA NENO KWA SIMU, NANI ANAKUJIBU?



Wengi wenu mliotoka Palma na Mocímboa da Praia tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2017 mmezoea kutafuta habari kwa simu. Linha Verde 1458, iliyoanzishwa mwaka 2019 baada ya kimbunga Idai, iliwekewa watu wa kupokea simu. Huduma nyingine hujibu kwa roboti ya mazungumzo, yaani programu ya kompyuta. Ni vizuri kuelewa inavyofanya kazi.

Kazi inakwendaje?

1. Roboti husoma neno ulilotuma, tuseme MGAO, na kulitafuta katika orodha yake.

2. Neno likiwamo, roboti huita programu nyingine iliyo nje yake, iitwayo skripti. Ni kama karani wa dirishani anayepeleka karatasi yako kwa mtunza ghala.

3. Skripti hutafuta katika kumbukumbu za kompyuta, humrudishia roboti jibu, naye hukutumia wewe.

Wakati wa korona, mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilianzisha huduma ya namna hii kwenye WhatsApp. Mtu aliandika salamu, akaletewa orodha, akachagua namba ya habari aliyoitaka.

Kwa nini maneno machache tu?

Kama roboti ingepeleka kwa skripti kila kinachoandikwa, mtu mbaya angeweza kuficha amri ndani ya ujumbe na kuchukua majina yenu na mahali mnapoishi. Kwa hiyo roboti iliyotengenezwa vizuri hupokea maneno yaliyoruhusiwa tu, na mengine huyakataa.

Mnaombwa kukumbuka:

- Andika neno kama lilivyotangazwa. Herufi moja ikikosewa, roboti huenda isilitambue.
- Subiri kidogo kabla ya kutuma tena. Huenda skripti bado inatafuta.
- Usitume kamwe namba ya siri ya M-Pesa au e-Mola. Anayeiomba ni mwizi, hata akijiita roboti wa shirika.
- Jibu hutoka katika kumbukumbu. Kama jina lako liliandikwa vibaya siku ya kuandikishwa, roboti hawezi kulisahihisha.

Roboti akikaa kimya, au akisema jina halipo, usidhani umenyimwa haki yako. Huenda skripti imekwama. Chukua kadi yako, nenda kwenye dawati la habari na malalamiko la kambini kwako, uonane na mtu.