Laptopu mpya inauliza maswali: usimwachie mwingine akujibie

Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Amepata nafasi ya chuo kikuu, na jamaa zake wamechanga wakamnunulia laptopu.

"Shikamoo mjomba. Laptopu imewaka, lakini inaniuliza maswali chungu nzima. Nibonyeze kukubali yote?"

Nikamwambia aizime kwanza, nitampigia baada ya nusu saa. Nyuma yake nikamsikia dadangu akinung'unika: "Huyo mjomba wako naye! Si umpelekee yule kijana wa dukani akuwekee kila kitu?"

Ndugu msomaji, dadangu hakusema la ajabu. Wengi wetu ndivyo tufanyavyo. Tunanunua kompyuta kwa pesa za kudunduliza, kisha ile saa moja ya mwanzo, ambayo ndiyo inayoamua kompyuta hiyo itakuwa ya nani, tunamwachia mtu tusiyemjua. Mimi pia ningemwambia mpwa wangu ampelekee kijana huyo, lau si jambo nililoliona huku ninakoishi.

Naishi Bahati, kaunti ya Nakuru, kando ya barabara iendayo Nyahururu. Binti wa jirani yangu alinunuliwa laptopu alipoanza chuo. Mamake anauza viazi na maziwa, na kila shilingi ya mashine ile ilikuwa na jasho lake. Waliinunua mjini Nakuru, na muuzaji, kwa wema wake, akaifungua, akabonyeza hapa na pale, akampa binti ikiwa tayari. "Nenda tu ukasome," akamwambia. Binti akashukuru.

Mwaka haujaisha, tundu la chaji likaharibika. Fundi akaona tatizo limefika kwenye bodi kuu ya ndani, akaibadilisha. Kompyuta ilipowashwa, ikatokea skrini ya buluu iliyodai ufunguo wa tarakimu 48. Binti hajawahi kuusikia ufunguo huo. Fundi naye hakuwa nao.

Ufunguo ulikuwepo, ila ulikuwa kwenye akaunti ya barua pepe ambayo muuzaji aliitumia siku ile ya kwanza. Alipotafutwa, akasema hufungulia wateja akaunti nyingi, na hiyo hakumbuki jina lake wala nenosiri. Ripoti ya mafunzo ya kazini, picha za marehemu babu yake, na barua za maombi ya ufadhili vyote vilikuwa ndani, vizima kabisa, lakini havifunguki. Ikabidi kufuta kila kitu na kuanza upya. Ripoti aliiandika tena kwa siku tano kutoka kwenye daftari la mkono. Picha za babu hazikurudi.

Nieleze kwa nini ilikuwa hivyo, maana watu wengi hudhani muuzaji aliwaibia, na sivyo. Kompyuta nyingi za leo zenye Windows 11 hufunga diski yake zenyewe. Yaani kila unachohifadhi huandikwa kwa maandishi ya siri, ili mwizi akiing'oa diski asisome kitu. Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, ulinzi huu huwashwa kwenye kompyuta nyingi zaidi bila hata kuuliza. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa kompyuta, ufunguo wa akiba hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Siku nyingi hutauhitaji. Lakini bodi ikibadilishwa, au programu ya msingi inayoiamsha mashine ikisasishwa vibaya, kompyuta hushuku kwamba iko mikononi mwa mgeni, na hudai ufunguo. Usipokuwa nao, hata Microsoft wenyewe hawana wa kukupa.

Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote kwenye laptopu mpya ni hili: akaunti hii ni ya nani? Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Akaunti ndiyo daftari la mali hii.

Nilipompigia tena mpwa wangu, tulikwenda swali kwa swali. Nayaandika hapa kwa mpangilio ule ule, ili nawe ukikaa na mwanao mjue mnachofanya.

La kwanza tulilifanya kabla ya kuwasha. Nilimwambia afungue akaunti ya Microsoft kwa simu yake mwenyewe. Si lazima iwe barua pepe mpya. Hata anwani ya Gmail aliyonayo inafaa. Namba ya simu ya kuithibitishia iwe ya laini yake, iliyosajiliwa kwa jina lake, si ya rafiki wala ya dukani. Nenosiri liwe refu, na lisiwe lile la Facebook.

Pili, intaneti. Windows 11 ya nyumbani hudai mtandao wakati wa kuiandaa, na ikishaupata huanza kuteremsha masasisho ambayo yaweza kufika gigabaiti kadhaa. Ukitumia bando la simu, litakwisha kabla hujamaliza. Tafuta mahali penye Wi-Fi isiyohesabiwa, kwa jamaa au chuoni. Chomeka chaji muda wote. Huku kwetu mvua ikinyesha stima hupotea, na kompyuta isizimike katikati ya masasisho.

Tatu, nchi, saa na kibodi. Chagua Kenya. Wengine huacha Marekani kwa kuwa ndiyo iliyo juu ya orodha, kisha hushangaa tarehe 3 Aprili kusomeka 4 Machi, na printa kudai karatasi isiyo ya A4. Saa iwe ya Nairobi. Saa ikikosea sana, tovuti nyingi hukataa kufunguka. Kwenye kibodi, tazama alama ya @ imechorwa wapi. Ikiwa juu ya namba 2, chagua kibodi ya Marekani. Ikiwa karibu na kitufe cha Enter, hiyo ni ya Uingereza, na laptopu nyingi za mitumba kutoka huko ziko hivyo. Ukikosea hapa, utaandika barua pepe yako mara kumi na itakataliwa mara kumi. Na kwa sisi tunaoletewa laptopu na jamaa kutoka Dubai au Maskati, zenye herufi za Kiarabu pembeni: weka Kiingereza kiwe cha kwanza, Kiarabu ukiongeze kiwe cha pili. Utabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Nne, kompyuta huenda ikauliza kama ni ya matumizi binafsi au ya kazi na shule. Mpwa wangu alitaka kubonyeza shule kwa kuwa anakwenda chuo. Nikamzuia. Chaguo hilo ni la mashine ambayo taasisi inaisimamia. Yako ni binafsi, hata kama utaisomea. Na ukinunua ya mitumba, halafu skrini ikakukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo na kudai uingie kwa barua pepe ya huko, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Mashine hiyo bado imeandikwa kwenye daftari la mwingine.

Tano, PIN. Hii hufanya kazi kwenye mashine hiyo tu, nayo haichukui nafasi ya nenosiri. Usiweke mwaka wa kuzaliwa; nduguzo wote wanaujua.

Sita, ndiyo ile kurasa ambayo kila mtu huikubali bila kusoma. Huwa na maswali sita hivi, na mara nyingi yote yamewekwa "ndiyo" tayari. Mahali ulipo: kubali, kwa sababu swali linalofuata linalihitaji. Kutafuta kifaa kilichopotea: kubali, laptopu ikiachwa kwenye matatu utaweza kuona ilionekana wapi mara ya mwisho, na hata kuifunga ukiwa mbali. Taarifa za afya ya mashine: kuna za lazima, ambazo huwezi kuzikataa, na za hiari, zikiwemo tovuti unazotembelea; chagua za lazima pekee. Kutuma unavyoandika na unavyochapa: kataa. Vidokezo na matangazo yanayofuata tabia yako: kataa. Namba ya kukutambulisha kwa watangazaji: kataa. Hakuna hata moja kati ya hizo ulizozikataa itakayoizuia kompyuta kufanya kazi.

Hili si suala la kuogopa kivuli. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inatupa haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa yetu itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Ila sheria haikai kitini nawe wakati unabonyeza. Ukibonyeza "ndiyo" bila kusoma, umeshajibu.

Saba, kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa OneDrive. Nafasi ya bure ni gigabaiti 5 tu. Ukikubali yote, picha zako na nyaraka zako zote zitaanza kupanda mtandaoni, zikila bando, na nafasi ikijaa utaanza kuombwa pesa. Mimi nilimwambia akatae kwa sasa, kisha baadaye, kwenye mipangilio, achague folda ya nyaraka peke yake, ambamo ndimo masomo yatakuwa. Tena anunue flashi na kunakili kila Jumapili. Yule binti wa Bahati angekuwa na flashi, skrini ya buluu ingemsumbua lakini isingemliza.

Nane, matoleo ya majaribio: ofisi ya mwezi mmoja, michezo, na kadhalika. Yakidai namba ya kadi au malipo, ruka. Chuo chake huenda kikampa programu za ofisi bure, na LibreOffice ni ya bure siku zote.

Baada ya hapo kompyuta ikafunguka, naye akadhani tumemaliza. Nikamwambia bado mambo manne.

Kwanza, ufunguo wa tarakimu 48. Aliingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, akatafuta orodha ya vifaa na funguo za BitLocker, akauona. Akaunakili kwa kalamu kwenye karatasi mbili, akasoma kwa sauti nami nikisikiliza, asikosee. Usiuhifadhi ndani ya laptopu yenyewe. Utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Pili, mtandao wa simu yake auweke kama unaopimwa, ili masasisho makubwa yasijiteremshe kwa bando lake. Lakini asiyakimbie milele. Akifika penye Wi-Fi ayaruhusu. Windows 10 iliacha kupokea msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyosasishwa ni mlango usio na komeo.

Tatu, wadogo zake wafunguliwe jina lao la pili, lisilo na uwezo wa kusimamia mashine. Wataangalia katuni bila kugusa kazi zake wala nenosiri lake la HELB.

Nne, laptopu za bei nafuu wakati mwingine huja katika hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft pekee. Ukizuiwa kuweka programu ya chuo, usilipe mtu akufungulie. Kutoka katika hali hiyo ni bure, ila ukishatoka hurudi.

Najua wapo watakaosema haya ni makubwa kwa mzazi asiyesoma Kiingereza, na wana hoja. Maswali yote haya huletwa kwa lugha ya watu wengine. Siwalaumu pia vijana wa madukani. Wengi wanasaidia kwa nia njema, na foleni ni ndefu. Ukilazimika kuwatumia, watumie, lakini kaa hapo hapo. Akaunti iwe yako, namba ya simu iwe yako, nenosiri ulichape wewe mwenyewe, na usiondoke bila ufunguo kwenye karatasi. Muuzaji muungwana hatakasirika.

Tulitumia saa moja na nusu, mimi na mpwa wangu. Karatasi moja amebaki nayo kwenye begi. Ya pili alimpa mamake, ambaye aliigeuza huku na huku akauliza tarakimu zote hizo ni za nini. Alipoelezwa, hakusema tena juu ya kijana wa dukani. Akafungua kabati, akaiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba.