Simu ya okazio inakataa karte: mbele ya kulaumu karte, uliza simu ni ya nani

Ni mpango unaojulikana katika masoko yetu, kuanzia Lubumbashi mpaka Bukavu. Mtu anakusanya makuta kidogo kidogo, kisha ananunua simu ya okazio, yaani simu iliyokwisha kutumiwa na mwingine huko Ulaya, Marekani ao Dubai. Muuzishaji anamwambia: « Papa, hii telefone njo ya muzuri, inatoka ku Bulaya, ukamate tu. » Kufika nyumbani, anaweka karte yake ya SIM na simu inajibu: « SIM non valide ». Ao inaandika « Aucun service », ao inazunguka tu pa « Activation ». Kesho yake anarudi sokoni, na wanamwambia ya kwamba karte yake ndiyo mbaya, aende kununua ingine.

Sisi tunasema: usikimbilie kutupa karte. Hapa kwetu karte si kipande cha plastiki tu. Ndani yake kuko namba ambayo ndugu, wateja na shule ya watoto wanaijua. Kwenye namba ile kuko pia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kwa familia nyingi njo benki yao. Kuacha karte kwa sababu simu imeikataa ni sawa na kutupa mfuko wa makuta juu suruali imepasuka.

Kuko watatu wanaoweza kuwa na kosa: karte, simu, na rezo. Kazi ya kwanza ni kujua nani kati yao, mbele ya kulipa fundi hata franga moja.

Majaribio mawili yasiyolipiwa

Kamata karte yako, uiweke ndani ya simu ya jirani ambayo inatumika vizuri. Kisha kamata karte ya jirani, uiweke ndani ya simu yako. Fanya hivyo mbele ya macho yake, maana naye ana makuta yake mule.

Kama karte yako inakataliwa hata kwa jirani, karte ndiyo mgonjwa. Kama inakubaliwa kwa jirani, na karte yake inakataliwa ndani ya simu yako, ugonjwa uko ndani ya simu. Kama karte zote zinasomwa pande zote mbili lakini hakuna rezo, angalia mipangilio ya simu, ao mahali ulipo. Ukipata karte ya kampuni ingine, jaribu nayo pia. Simu inayokataa karte za kampuni mbili za Kongo, ambazo zinatumika kwingine, haina kisingizio tena.

Kama karte ndiyo mgonjwa

Anza na mambo madogo. Karte ziko na vipimo vitatu: ile kubwa ya zamani (milimita 25 kwa 15), ya katikati (15 kwa 12), na ile ndogo kabisa (12,3 kwa 8,8). iPhone 4 ya mwaka 2010 inataka ya katikati. iPhone 5 ya mwaka 2012 inataka ndogo kabisa. Sokoni watakukatia karte na makasi. Mara ingine inakubali. Lakini karte ndogo kabisa ni nyembamba pia, milimita 0,67 kuliko 0,76, kwa hiyo ile iliyokatwa inaweza kukwama ndani ya simu ao kuvunja vidole vidogo vya chuma vinavyoisoma. Ni afadhali kuenda kwenye ajansi ya kampuni, ukiwa na karte yako ya mchaguzi, na kuomba karte mpya yenye namba ileile. Namba inabaki, na konti ya makuta inabaki pia. Kitakachopotea ni majina uliyoyaandika juu ya karte yenyewe; uyahamishe mbele.

Pili, kuko kode. Ukikosea PIN mara 3, karte inajifunga na kuomba PUK, ambayo ni tarakimu 8. PUK imeandikwa juu ya plastiki kubwa ambamo karte ilitoka, na kampuni pia inaweza kukupa. Usibahatishe: ukikosea PUK mara 10, karte imekufa na haifufuki.

Tatu, karte iliyonunuliwa barabarani bila kuandikishwa kwa jina lako inaweza kukatwa. Hata karte yako mwenyewe, ikilala ndani ya kabati muda mrefu bila kutumiwa, kampuni inaweza kuifunga. Hapo simu haina kosa.

Kama simu ndiyo ilifungwa

Huku ndiko watu wengi wanaanguka. Kampuni nyingi za nje ziliuza simu kwa bei ya chini, mnunuzi alipe polepole kila mwezi, na ili asikimbie waliifunga simu isikubali karte ya mwingine. Desturi hii inapungua. Kanada ilikataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2017. Uingereza ilifuata Desemba 2021, na Japani iliacha mwaka uleule. Lakini simu za miaka ya mbele ya pale zinaendelea kutufikia, na Marekani simu zilizofungwa zinauzwa mpaka leo. Ndiyo maana simu ya zamani inataka macho zaidi.

Namna ya kujua: kwa Samsung na Android zingine, ukiweka karte ya hapa, simu inaomba kode ya kudebloke rezo. Hiyo si PIN yako. Usiandike PIN pale. Kwa iPhone yenye iOS 14 ao ya juu, fungua Réglages, Général, Informations. Kukiandikwa « Aucune restriction SIM », haijafungwa. Kwa iPhone za zamani zaidi maandishi hayo hayapo, jaribio la karte peke yake ndilo shahidi.

Anayeweza kuifungua kwa haki ni kampuni iliyoifunga. Ukiwa na ndugu huko ilikotoka, ni yeye wa kuwauliza, na watamwomba IMEI. Bonyeza *#06# na utaiona: ni tarakimu 15. Wengi wetu tulijifunza neno hilo wakati wa RAM, ile kodi iliyoanza 2020 na kuondolewa 2022.

Ujihadhari na ujanja mmoja. Kuko kijikaratasi chembamba chenye umeme ambacho mafundi wanakibandika juu ya karte ili kudanganya iPhone iliyofungwa. Muuzishaji anakuonyesha simu inaita vizuri. Siku unatosha karte, ao unafanya mise à jour, simu inarudi kwenye kifungo chake. Kwa hiyo, sokoni, toa kisahani cha karte wewe mwenyewe na uangalie: kama kuko kitu kingine pamoja na karte, uliza bei mpya ao uache.

Kama simu ina mwenyewe mwingine

Kifungo hiki ni tofauti, na ni kizito zaidi. Tangu 2013, iPhone inaweza kufungwa na konti ya mwenyewe: hata ukiifuta yote, inaomba adresi na neno la siri la mtu wa kwanza. Android nazo, tangu 2015, zinaomba konti ya Google iliyokuwamo. Watu wanaona neno « activation », wanafikiri ni karte. Hapana. Hata ukinunua karte kumi, simu itaomba jina lilelile.

Kama muuzishaji anamjua mwenyewe, huyo mwenyewe anaweza kutosha simu kwenye konti yake, hata akiwa mbali. Kama hamjui, jiulize simu ilitoka wapi. IMEI unayoiona na *#06# ilingane na ile ya kartoni, ao ile iliyochapwa nyuma ya simu ao juu ya kisahani. Zikipishana, simu ilichezewa ao ilifungwa kwa vipande vya simu zingine. Na sheria yetu inaazibu pia yule anayenunua kitu cha wizi. Bei nzuri haitakutetea mbele ya askari.

Kama ni rezo ao mipangilio

Mara ingine dawa ni rahisi. Hakikisha mode avion imezimwa. Angalia tarehe: simu iliyolala bila batiri inarudi kwenye mwaka wa zamani, na activation inakataliwa kwa sababu mashine za mbali zinaona tarehe hailingane. iPhone 5 iko na jambo lake: isipokuwa na iOS 10.3.4, tangu tarehe 3 Novemba 2019 saa yake inapotea, na intaneti inamsumbua. Dawa ni kuiunganisha na komputa na kuipa iOS ile.

Kama inaita lakini intaneti haiingie, karte imekwisha kukubaliwa. Kinachokosekana ni APN, na kampuni yako itakupa maneno ya kuandika. Unaweza pia kufuta mipangilio ya rezo. Picha zinabaki, ila maneno ya siri ya Wi-Fi yanafutika.

Jambo lingine linawashangaza watu wa iPhone: inite zinapungua bila kuita mtu. Ili kuamsha iMessage na FaceTime, simu inatuma SMS moja ya kujificha kuenda nje ya inchi. Bila inite, inabaki « en attente ». Apple yenyewe inasema inaweza kuchukua saa 24. Kama hauna haja nazo, zizime. Simu itaita na kupokea bila shida.

Mwisho, simu zingine hazikuumbwa kwa hapa. GSM yetu ni ya 900 na 1800, sawa na Ulaya. Amerika wanatumia 850 na 1900. Simu nyingi zinajua zote nne, lakini si zote. iPhone 4 iliyotengenezwa kwa Verizon haina hata nafasi ya karte. Na iPhone 14 zilizouzwa Marekani, za mwaka 2022, hazina nafasi ya karte pia, zinataka SIM ya ndani. Hapo hakuna fundi atakayetoboa tundu.

Mbele ya kutoa makuta

Enda sokoni na karte yako, na karte ya pili ya kampuni ingine. Omba simu ifutwe yote mbele yako na iwashwe upya. Mashine ya muuzishaji itakataa: « Mama, utapoteza wakati. » Mwambie wakati ni wako. Ikiomba konti ya mtu, mrudishie. Ikifunguka, toa kisahani, weka karte yako, ita mtu, ngoja akuite, kisha ufungue intaneti. Fanya vilevile na karte ya pili. Linganisha IMEI. Omba karatasi yenye jina la muuzishaji, namba yake, IMEI na tarehe, na mpatane siku ngapi unaweza kuirudisha.

Na kama simu imekwisha kufika nyumbani na inakataa, usimwachie fundi karte yako usiku kucha, na usimwambie kode ya M-Pesa yako kwa sababu yoyote. Fundi anahitaji simu. Karte unaitosha, unaiweka mfukoni. Simu ikishindikana utapata ingine siku moja. Namba yako na makuta yaliyo juu yake, ukiyapoteza, hakuna soko linaloyauzisha.