Ramani Imepotea, Shamba Lipo

Chukulia saiberi ndogo katika soko la Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kaunti ya Embu. Ni wiki ya mwisho ya Juni. Mwalimu anataka kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, mkulima wa majani chai anataka kuchapishiwa fomu ya basari ya mwanawe, na nyuma yao kijana amekumbatia bahasha ya vyeti. Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Kompyuta inawashwa, feni inavuma, nembo ya kampuni inapita, kisha kioo kinageuka cheusi. Juu kabisa yamebaki maneno machache meupe: "error: no such partition". Chini yake: "grub rescue>", na kishale kinachopepesa.

Mwenye saiberi humpigia fundi, na fundi mwenye haraka huwa na neno moja tu: fomati. Ni neno la kuogopwa kuliko hitilafu yenyewe. Wakati kishale kile kinapepesa, mara nyingi kila faili bado iko mahali pake: barua za kikundi cha akina mama, picha za mazishi ya babu, orodha ya madeni ya wateja. Baada ya kufomati diski na kupiga mfumo mpya juu yake, nyingi haziko tena.

Watu wa Embu wanajua mashamba na mipaka, kwa hiyo mfano wa karibu ni huo. Diski ya kompyuta ni shamba. Hugawanywa vipande, ambavyo mafundi huviita patisheni: kimoja kimebeba mfumo wa Linux, kingine pengine Windows, kingine hati za mwenye mashine. Mipaka hiyo haionekani kwenye diski kama mawe ya bikoni. Imeandikwa katika jedwali fupi mwanzoni kabisa mwa diski: kipande hiki kinaanzia hapa, kina urefu huu, ni cha aina hii. Jedwali hilo likiharibika, kompyuta haioni mashamba tena, inaona pori. Lakini ramani ikiungua katika ofisi ya ardhi, michai haing'oki.

Ufupi wa jedwali lenyewe unashangaza. Katika mpango wa zamani, ulioletwa na PC DOS 2.0 ya IBM mwaka 1983, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512 tu. Baiti 446 zimeachiwa programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la vipande vinne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta ni halali. Vipande vinne, baiti 16 kila kimoja. Diski inayobeba kazi ya miaka kumi hutegemea maandishi mafupi kuliko ujumbe mmoja wa simu. Mpango mpya, GPT, una busara zaidi: una nafasi ya vipande 128 kwa kawaida, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Mbele ikiharibika, programu kama gdisk husoma ya nyuma na kuirudisha.

Kuwaka kwa kompyuta ni kupokezana kijiti. Kwanza huamka programu iliyo ndani ya ubao mkuu, BIOS katika mashine za zamani, UEFI katika za sasa. Hiyo hutafuta programu ya kuwashia, yaani butiloda. Katika Linux nyingi butiloda ni GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. GRUB hutafuta kiini cha Linux (kernel) na kukipakia kwenye kumbukumbu, na kiini ndicho hufungua mfumo wote. Mahali kijiti kilipoanguka hutambulika kwa ujumbe wa kioo, ndiyo maana fundi makini huupiga picha kwa simu kabla ya kugusa kitufe chochote. Kioo kikisema hakuna kifaa cha kuwashia, GRUB haijafikiwa kabisa. Kikionyesha "grub rescue>", kipande cha kwanza cha GRUB kimeamka lakini hakikuipata sehemu yake iliyobaki. Na pakitokea maneno "kernel panic", GRUB imemaliza kazi yake na tatizo liko mbele zaidi.

Kosa la "no such partition" lina chanzo kimoja kinachojirudia. Mtu yuko ndani ya Windows, anaona nafasi imejaa, anafuta kipande kimoja ambacho Windows haikitambui akidhani ni kitupu, au anavipanga vipande upya. GRUB ilikuwa imeandikiwa kwamba mafaili yake yako katika kipande cha tano. Ni kama mjumbe aliyeagizwa nyumba ya tano, akafika akakuta nyumba zimehesabiwa upya. Hapo dawa inaweza kuwa ya dakika chache. Amri ya ls huonyesha vipande vilivyopo, na fundi huvichungulia kimoja kimoja hadi aone folda ya boot. Akiikuta katika kipande cha sita, huandika set prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub, kisha insmod normal, kisha normal. Menyu iliyozoeleka inarudi. Linux ikishawaka, grub-install na update-grub huandika anwani mpya ili kesho mambo yasirudie.

Kukatika kwa umeme ni chanzo kingine, na Embu ina kisa chake hapo. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana unaopita mpaka wa kusini wa kaunti, akaangukia transfoma. Kituo kilizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Umeme ukikatika hivyo kompyuta ikiwa imekaa tu, mara nyingi hakuna kinachodhurika, kwa sababu ext4, mpangilio wa mafaili unaotumiwa sana na Linux, huweka daftari la mabadiliko na kulikamilisha mashine inapowaka tena. Hatari ni pale umeme unapokatika katikati ya sasisho la kiini, faili jipya likiwa nusu. Siku ya pili kioo kinalalamika kwamba hakiwezi kufungua mfumo. Lakini Ubuntu na Debian, aina mbili za Linux, kwa kawaida hazifuti kiini cha zamani mara moja. Katika menyu ya GRUB kuna mstari wa "Advanced options", na ndani yake kiini cha awali kinasubiri. Kukichagua ni kubonyeza vitufe viwili vitatu, na saiberi inafungua.

Kuna chanzo kidogo kinachosahaulika kwa urahisi, hasa katika mashine kuukuu zilizotoka ofisi za ng'ambo na kuuzwa huku. Ni betri ya mviringo ya CR2032 kwenye ubao mkuu. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na ubao unaweza kusahau namna ya kuwasha uliyopangiwa: ya zamani au ya UEFI. Linux iliyowekwa kwa namna moja haiwaki kwa nyingine, na diski inalaumiwa bure. Kabla ya kushika bisibisi au kuandika amri yoyote, fundi aangalie tarehe kwenye BIOS.

Wakati mwingine jamaa wa nje ndiye anayeondoa kijiti. Agosti 2024, sasisho la usalama la Microsoft lilizuia Linux kuwaka katika kompyuta nyingi zilizokuwa na mifumo miwili. Kioo kilisema "Verifying shim SBAT data failed", kisha mashine ikajizima. Hakuna faili hata moja lililoguswa. Kilichokataliwa ni toleo la zamani la shim, programu ndogo inayoitambulisha GRUB kwa UEFI, na waliozima kwa muda Secure Boot, ukaguzi wa UEFI wa programu za kuwashia, waliweza kuingia na kusasisha. Visa vya namna hii vitazidi kuonekana. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima kabisa haziruhusiwi kupokea Windows 11. Kwa shule au saiberi isiyo na pesa za mashine mpya, Linux ni njia ya kweli. Ubuntu, jina lenye shina moja na utu la Kiswahili na mũndũ la Kiembu, haina malipo ya leseni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Ila ujumbe wa dharura wa GRUB bado huja kwa Kiingereza, saa ile mtu ana hofu zaidi, na hilo linahitaji kurekebishwa.

Pale vitufe vya menyu visipotosha, kifaa kikuu ni flashi yenye Linux inayowaka yenyewe bila kugusa diski. Faili la Ubuntu ni gigabaiti kadhaa, mzigo kwa anayenunua bando za simu, kwa hiyo fundi mmoja mwenye flashi anaweza kuhudumia soko zima. Kuna kosa hapa linalowapotezea watu mchana mzima: flashi ikiwashwa kwa namna ya zamani wakati Linux ya diskini ni ya UEFI, ukarabati unakwama na kioo kinasema vigezo vya EFI havitambuliki. Izimwe, iwashwe tena kwa kuchagua jina lake lenye neno UEFI mbele.

Kazi ya kwanza ndani ya flashi ni kutazama. Amri ya lsblk huonyesha vipande, na smartctl husoma afya ya diski. Diski ikigonga-gonga au ikitoa "input/output error", mikono itoke kwenye ukarabati, kwani kila jaribio linaichosha zaidi. Inakiliwe yote kwanza kwa ddrescue kwenye diski nyingine, na kazi ifanywe juu ya nakala. Diski ikiwa nzima lakini jedwali limefutika, ipo TestDisk, programu ya Christophe Grenier iliyoanza 1998. Hupita diski nzima ikitafuta alama ambazo kila mpangilio wa mafaili huacha mwanzoni mwa kipande chake, kama mpimaji anayetembea shambani akitafuta mawe ya mpaka yaliyofunikwa na nyasi. Ikishaorodhesha ilichokiona, huruhusu kuchungulia majina ya mafaili kabla ya kuandika lolote. Mwenye mashine akae pembeni wakati huo. Yeye ndiye anayezitambua picha za familia yake, na akiziona, orodha ndiyo yenyewe.

Kazi hii yote ingekuwa nyepesi kama ramani ingekuwa na nakala. Siku mashine ni nzima, sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt hutoa faili dogo la mistari michache yenye mwanzo na urefu wa kila kipande, na siku ya ajali sfdisk hiyohiyo hulirudisha jedwali diskini. Kuliacha faili hilo kwenye diski ileile hakusaidii. Saiberi ina printa. Linaingia katika karatasi moja, nayo inaweza kubandikwa kwa gundi ndani ya kifuniko cha kompyuta, fundi yeyote atakayekifungua aikute.